Damu ya Bugarama, jibu la ng'ambo

Mwaka 2018 watoto wenye malaria walifuatiliwa katika vituo vitatu nchini Rwanda. Viwili vilikuwa Masaka, pembezoni mwa Kigali, na Rukara, upande wa mashariki. Cha tatu kilikuwa Bugarama, wilayani Rusizi, katika bonde la mpunga ambako mipaka ya Rwanda, Burundi na Kongo inakutana. Kila mtoto alimeza dawa mseto ya artemether na lumefantrine kwa siku tatu, kisha akaangaliwa hadi siku ya 28. Katika tafiti za aina hii mtoto huchomwa kidole tena na tena. Tone moja hupakwa kwenye kioo likatazamwe kwa darubini, na jingine hudondoshwa kwenye karatasi ya chujio na kuachwa likauke.

Tone la kwenye kioo halina safari ndefu. Mtaalamu wa darubini hukaa palepale kituoni, huhesabu vimelea, huandika namba kwenye daftari, na mama huambiwa kama damu ya mwanawe imesafika. Tone la kwenye karatasi ndilo lenye hadithi, kwa sababu limebeba maswali mawili ambayo darubini haiwezi kuyajibu hata ikiwa bora kuliko zote duniani.

Swali la kwanza ni hili. Mtoto amepona, ameondoka na mama yake, na siku ya 21 damu yake ina vimelea tena. Je, ni vilevile vya mwanzo, vilivyoponyoka dawa? Au ni vipya, vilivyoletwa na mbu mwingine? Kwa Bugarama swali hili si la vitabuni. Bonde liko chini, joto ni kali kuliko karibu pengine pote Rwanda, mashamba ya mpunga yana maji, na mbu hawakosi. Mtoto anaweza kabisa kupona malaria ya wiki iliyopita na kuumwa na mbu mwenye malaria nyingine wiki hii. Ukihesabu kila anayerudi na vimelea kuwa ni dawa iliyoshindwa, utaihukumu bure dawa nzuri. Ukihesabu kila mmoja kuwa ni mbu mpya, utaendelea kuwapa watoto dawa inayokufa mikononi mwako.

Njia ya kuvitofautisha ni vinasaba. Kimelea cha malaria kali, Plasmodium falciparum, kina jeni zinazotofautiana sana kutoka kimelea kimoja hadi kingine. Tatu zimetumika kwa miaka mingi, na wataalamu huziita msp1, msp2 na glurp. Damu ya siku ya kwanza na damu ya siku ya 21 hutolewa kwenye karatasi, vinasaba vinachujwa, sehemu za jeni hizo zinanakiliwa kwa PCR, kisha vipande vinapitishwa kwenye jeli kwa nguvu ya umeme ili vijipange kwa urefu. Mistari ikifanana, kimelea ni kilekile. Ikitofautiana, ni kipya. Ukisoma katika ripoti kwamba ufanisi wa dawa umerekebishwa kwa PCR, kazi inayosemwa ndiyo hii.

Swali la pili ni gumu zaidi: je, kimelea chenyewe kimebadilika? Januari 2014 kundi la watafiti lililoongozwa na Frédéric Ariey na Didier Ménard, likitumia vimelea vya Kambodia, lilionyesha kwamba uzito wa kimelea kufa mbele ya artemisinin, kundi la dawa ambamo artemether imo, unatokana na mabadiliko katika jeni iitwayo kelch13. Tangu siku hiyo kila nchi yenye malaria ilipata cha kutafuta. Rwanda ilikipata. Agosti 2020, Aline Uwimana wa Rwanda Biomedical Centre na wenzake walitangaza katika jarida la Nature Medicine kwamba mabadiliko yaitwayo R561H yamekutwa katika damu ya wagonjwa wa Masaka, kwa kiwango cha asilimia 7.4. R561H maana yake ni kwamba katika nafasi ya 561 ya protini hiyo, amino asidi iitwayo arginini imeiachia nafasi histidini. Herufi moja tu ya kinasaba imebadilika. Na vimelea hivyo havikuwa vimesafiri kutoka Asia. Usomaji wa jenomu yao ulionyesha kwamba mabadiliko yalizaliwa hapahapa.

Utafiti wa 2018 uliotoka Aprili 2021 katika Lancet Infectious Diseases uliongeza uzito. Dawa ilikuwa bado inaponya zaidi ya asilimia 90 ya watoto katika vituo vyote vitatu. Lakini Masaka na Rukara, zaidi ya watoto 10 katika kila 100 walikuwa bado na vimelea siku ya tatu, wakati ambapo damu ilipaswa kuwa safi. Bugarama haikufikia huko. Hiyo ni habari njema kwa Rusizi, na wazazi wa bonde lile wana haki ya kuijua.

Sasa tazama tarehe. Damu ya Masaka ilitolewa kabla ya 2016, jibu likatoka 2020. Damu ya 2018 jibu lake likatoka 2021. Usomaji wa vinasaba wa utafiti wa kwanza ulitegemea Institut Pasteur ya Paris, na uthibitisho kwamba R561H inampa kimelea uwezo wa kustahimili dawa ulifanyika katika maabara ya David Fidock, Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ambako jeni ya kimelea ilihaririwa makusudi ili ionekane kitatenda nini. Utafiti wa 2018 ulisaidiwa na wataalamu wa CDC ya Marekani, huko Atlanta.

Nisieleweke vibaya. Hii si hadithi ya damu ya Waafrika kuchukuliwa na sifa kwenda kwa wengine. Jina la kwanza katika tafiti zote mbili ni la mwanasayansi wa Rwanda, na swali lilitoka Rwanda. Wataalamu wa Kigali waliona wanachohitaji, wakaomba msaada wa kiufundi kwa waliokuwa na mashine na uzoefu, wakapewa. Kuomba namna hiyo ni kazi ya kisayansi kamili, na anayeona aibu kuomba ndiye anayeharibu sampuli. Lalamiko langu ni juu ya muda. Kimelea hakisubiri jarida lichapishe. Mabadiliko hayohayo ya R561H yamekutwa baadaye Kagera, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, ambako Deus Ishengoma wa NIMR, taasisi ya utafiti wa tiba ya Tanzania, na wenzake wamekuwa wakiyafuatilia. Kaskazini mwa Uganda mabadiliko mengine ya kelch13 yaliripotiwa mwaka 2021. Ukanda mzima unahitaji majibu kwa miezi, na bado umekuwa ukiyapata kwa miaka.

Wasio wa maabara hudhani msaada wa kiufundi ni mashine. Mashine ni sehemu ndogo. Fikiria PCR yenyewe. Kary Mullis aliibuni mwaka 1983 na akapata Nobeli ya kemia mwaka 1993. Unachanganya vinasaba, vipande vifupi viitwavyo praima ambavyo hutambua mahali pa kuanzia, na kimeng'enya kinachonakili. Unapasha joto hadi nyuzi 95 ili nyuzi mbili za DNA ziachane, unashusha hadi kati ya 50 na 60 ili praima zishike, unapandisha hadi 72 ili kimeng'enya kifanye kazi. Unarudia. Kila mzunguko nakala huongezeka maradufu, na baada ya mizunguko 30 nakala moja inaweza kuwa zaidi ya bilioni moja. Kimeng'enya kinachovumilia joto hilo kilitoka kwa bakteria wa chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani. Watu wa Rusizi, waliooga tangu zamani katika maji moto ya Mashyuza, wataelewa haraka kuliko wengi kwamba kiumbe kinaweza kuishi ndani ya maji ya namna hiyo.

Hayo yako vitabuni. Yasiyokuwa vitabuni ndiyo yanayomkwamisha kijana mwenye shahada yake mkononi. Damu ina himu, ile sehemu ya himoglobini yenye madini ya chuma, na himu ikibaki kwenye sampuli huizuia PCR isifanye kazi. Kwa hiyo jeli yako haina mstari hata mmoja, na huwezi kujua kama mgonjwa hana vimelea au wewe hukuosha karatasi vizuri. Sampuli ya maji matupu, iliyowekwa makusudi ili isitoe chochote, inatoa mstari. Hapo ujue kuna uchafu wa vinasaba mahali fulani: kwenye pipeti, kwenye meza, kwenye koti lako, au kwenye chupa ya kitendanishi ambayo wenzako wote wanaitumia. Praima ambazo ziliandikwa kwenye makala ya watu wa Ulaya zinashika kwao kwa nyuzi 58, kwako hazishiki. Kitendanishi kinachotakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kimelala uwanja wa ndege mwisho wa juma kikisubiri karatasi za forodha. Umeme umekatika mzunguko wa 22.

Katika mambo hayo, mwongozo wa kurasa 40 hausaidii kama anavyosaidia mtu mmoja aliyesimama karibu nawe, anayetazama mkono wako unavyoshika pipeti na kukuambia ubadilishe chumba cha kuchanganyia. Ndiyo maana naiheshimu mipango iliyojengwa juu ya ukweli huo. Nairobi, kituo cha BecA kilichopo ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, kimekuwa kikiwapokea watafiti wa kilimo na mifugo wa ukanda huu chini ya ufadhili wa ABCF tangu 2010. Mtafiti anakuja na sampuli zake na swali lake, anafanya kazi kwenye meza ya pale pamoja na mafundi wa pale. Mtandao wa PARMA, wa kufuatilia usugu wa dawa za malaria Afrika, umewahi kuwapeleka wataalamu wa nchi husika Atlanta wazisome wenyewe sampuli za kwao. Mtaalamu akirudi, anarudi na mikono iliyojifunza. Na huko Tanzania, Kenya na Uganda wapo watafiti wa virusi vya mihogo waliobeba mashine ndogo ya kusoma vinasaba, inayotosha mfukoni, wakaitumia chini ya mti shambani, na mkulima akapata jibu lake siku ileile.

Tukio la mpox limeonyesha upande mwingine wa jambo hili, na limetokea mlangoni mwa Rusizi. Kamituga ni mji wa wachimba dhahabu katika Kivu Kusini. Barabara yake inaishia Bukavu, na Bukavu na Kamembe, mji wa Rusizi, zinatenganishwa na mto Ruzizi tu. Wanawake wa biashara huuvuka kila asubuhi na mizigo yao. Kuanzia Septemba 2023 watu wazima wa Kamituga walianza kuugua vipele kwa namna isiyozoeleka. Hadi Januari 2024 wagonjwa 241 walishukiwa, na 108 kati yao walithibitishwa kwa PCR. Watafiti wa INRB, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kongo, wakiwa na Placide Mbala-Kingebeni, na kundi jingine la Leandre Murhula Masirika wa kituo cha utafiti cha Lwiro na Jean Claude Udahemuka wa Chuo Kikuu cha Rwanda, walisoma jenomu ya kirusi na kukuta kimejigawa na kuwa tawi jipya, ambalo leo linaitwa Ib.

Kilichowatisha watu wa maabara kilikuwa hiki. Kipimo kilichokuwa kikitumika kutambua kundi la kwanza la kirusi hicho kililenga kipande kimoja cha jenomu. Katika kirusi cha Kamituga kipande hicho kilikuwa kimefutika. Ni sawa na askari wa kwenye daraja la Ruzizi aliyeambiwa amtafute mtu kwa kovu la shavuni, na mtu yule hana kovu tena. Vipimo vya jumla viliendelea kuonyesha kwamba ni mpox, lakini kile cha kusema ni kundi gani kilinyamaza. Kimya cha kipimo ni hatari kuliko kosa la wazi, kwa sababu anayesoma karatasi ya majibu anaweza kudhani hakuna kitu.

Udahemuka na Masirika hawakukaa na tatizo hilo peke yao. Walishirikiana na Leonard Schuele na wenzake wa kituo cha tiba cha Erasmus, Rotterdam, na watu wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark, na Agosti 2024 wakachapisha kipimo kipya cha PCR. Walifanya jambo la busara: praima zao walizilenga palepale penye upungufu, ili mahali kipande kilipofutika ndipo pawe alama ya kumtambulia mhusika. Mwezi huohuo, tarehe 14, Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa. Septemba, Rwanda ikaanza kuwachanja watu walio hatarini katika wilaya zinazopakana na Kongo.

Naomba msomaji alinganishe kasi. Sampuli za kwanza za Kamituga zilianza kuchukuliwa Septemba 2023. Kufikia Machi 2024 makala ya kwanza juu ya tawi jipya ilikuwa imetoka, na kabla mwaka haujaisha tangu mlipuko uanze, kipimo kilikuwa kimesahihishwa. Kwa malaria ilichukua miaka. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na hofu ya dunia, maana mpox iliwahi kufika Ulaya na Marekani mwaka 2022 na watu huko wakastuka. Malaria ya Bugarama haimstui mtu wa Rotterdam. Lakini sehemu nyingine inatokana na kwamba mtu aliyesoma vinasaba na mtu aliyekuwa wodini Kamituga walikuwa wanashirikiana. Hilo halihitaji hofu ya Ulaya. Linaweza kujengwa kwa makusudi.

Na isidhaniwe kwamba msaada siku zote unatoka kaskazini kuja kusini. Juni 2020 Rusizi ilifungwa kwa sababu ya corona. Safari za kuingia na kutoka zilizuiwa, na watu wa Kamembe wanazikumbuka siku hizo. Vitendanishi vilikuwa haba duniani kote. Wilfred Ndifon, Mkameruni aliyekuwa taasisi ya hisabati ya AIMS kule Kigali, Leon Mutesa, mtaalamu wa vinasaba wa Chuo Kikuu cha Rwanda, na mwanafizikia Neil Turok walikuja na mpango wa kuchanganya sampuli kwa hesabu. Chukua sampuli 27 uzipange kama mchemraba wa tatu kwa tatu kwa tatu. Kila upande una matabaka matatu, kwa hiyo matabaka yote ni tisa. Changanya sampuli za kila tabaka, pima mara tisa. Ikiwa mgonjwa ni mmoja, matabaka matatu yatakayoonyesha ugonjwa yanakutana kwenye sampuli moja tu, na hiyo ndiyo yake. Vipimo 9 badala ya 27, bila kumwita mtu mara ya pili. Jarida la Nature lilichapisha kazi hiyo, na ilitumika Rwanda. Hapo Afrika ndiyo iliyofundisha.

Corona iliacha mashine za PCR katika maabara nyingi za ukanda wetu. Zile zinazotumia katriji za kiwanda kimoja zimefungwa kwenye katriji hizo. Lakini mashine ya kawaida ya PCR haichagui ugonjwa. Ukiibadilishia praima, iliyosoma corona inaweza kusoma malaria, mpox, au virusi vya mihogo. Inachohitaji ni mtu anayejua, vitendanishi vinavyofika vikiwa na baridi yake, na fundi wa kuirekebisha ambaye haishi umbali wa ndege mbili. Naona fedheha mashine ya maelfu ya dola ifunikwe kitambaa kwa sababu ya kifaa kidogo kilichoungua na mkataba wa matengenezo uliokwisha pamoja na mradi.

Rusizi ina kila sababu ya kuwa na meza yake. Ina bonde la malaria, ina mpaka wenye shughuli nyingi na Bukavu, inapakana pia na Burundi, ina msitu wa Nyungwe wenye nyani na popo upande wa mashariki, na ni mbali na Kigali, zaidi ya kilomita 200 za barabara ya milima. Ina pia lugha: Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, kinatosha kumwezesha mtaalamu wa Kamembe kufanya kazi meza moja na mwenzake wa Bukavu, wa Lwiro, wa Bujumbura na wa Mwanza bila mkalimani. Sampuli haina haja ya kuvuka bahari ili wataalamu hawa waisome pamoja.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wizara za afya za Kigali, Kinshasa na Bujumbura, na kwa wafadhili wanaosaini nao. Mkataba wowote wa utafiti utakaochukua damu ya mtoto wa Bugarama uandikwe ndani yake mambo matatu: ni nani wa hapa atakayeisoma pamoja na wageni, vitendanishi na matengenezo vitalipwa na nani baada ya mradi kufungwa, na ni lini muuguzi wa kituo kile atarudishiwa jibu kwa maandishi. Tarehe hiyo ihesabiwe kwa miezi, na isipotimia, mkataba usihuishwe.